Mdogo Wake Mfalme

Hapa Kamukuywa hatujapata kuwa na mfalme, lakini tumetawaliwa na mdogo wake mfalme. Aliitwa Murunga. Ndugu yake kwa baba alikuwa Nabongo Mumia wa Wanga, ambaye boma lake lilikuwa Elureko, pale ambapo leo kila mtu anapaita Mumias. Murunga aliletwa Kimilili na serikali ya Kiingereza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, akakaa hadi miaka ya 1930, na wazee walionilea hawakuwa wakimtaja bila kukohoa kwanza.

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko kibarazani, kando ya barabara kuu inayotoka Webuye kupitia Lugulu na Misikhu kwenda Kitale, si mbali na pale inapochepuka ile ya kupanda Kaptama na Kapsokwony. Kazi yangu kubwa ni sare za shule na suruali za kupunguza kiuno. Lakini miaka ya karibuni imezuka kazi nyingine, ya mavazi ya utamaduni. Mtu akialikwa kwenye sherehe ya wazee, au mwanasiasa akija kutawazwa kuwa mzee wa jamii, anataka joho lenye madoadoa ya chui. Ngozi ya kweli hakuna anayethubutu kuigusa, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haina mzaha. Kwa hiyo tunatumia kitambaa cha Uchina kinachopitia Eastleigh. Ni laini mno, kinateleza chini ya mguu wa cherehani, na madoa yasipokutana sawasawa kwenye mshono wa bega, chui anaonekana kama aliyekatwa shoka.

Mwalimu mmoja mstaafu alinijia na mita zake nne.

"Fundi, nishonee joho la kifalme."

"La mfalme yupi, mwalimu?"

"Si Nabongo! Kwani kuna mwingine?"

Nilimpima kifua na mikono bila kumjibu. Mwalimu huyo ni Mbukusu kama mimi. Babu yake na babu yangu walilipa kodi kwa watu wa ndugu yake Nabongo, na yeye leo ananunua kitambaa ili afanane na huyo Nabongo. Simcheki. Nimeshona majoho ya namna hiyo mengi, na wateja wangu karibu wote wanachanganya vitu viwili ambavyo nadhani havipaswi kukaa kwenye kapu moja. Kuna unabongo, ambao ni mali ya ukoo wa Abashitsetse, na unarithiwa kwa njia zao. Halafu kuna uchifu mkuu, ambao ulikuwa kazi ya serikali. Mumia alikuwa na vyote viwili, na ndiyo maana watu wakiuliza leo ni nani mrithi wake, mara nyingi hawajui wanauliza mrithi wa nini.

Tuanze na kile cha ukoo. Masimulizi ya Wanga yanasema mtu aitwaye Wanga aliondoka Tiriki baada ya kugombana na nduguye juu ya madaraka, akafika karibu na kilima cha Imanga, kwa mkuu mmoja aliyeitwa Muhima. Hakujitambulisha. Akapewa kazi ya ng'ombe kama kibarua yeyote, mpaka siku moja ikaonekana bangili ya shaba aliyoificha mkononi, bangili ambayo haivaliwi na mtu wa kawaida. Mwenyeji akajua amemweka mtawala zizini. Mwisho wa hadithi ni Muhima kuondoka na mgeni kubaki na nchi. Mimi hadithi hii huipenda kwa sababu moja: ufalme wa Wanga wenyewe unakiri kwamba ulianza na mtu aliyeshindwa kurithi kwao.

Na ugomvi wa urithi haukuishia hapo. Nabongo Shiundu, babake Mumia, alitawala kuanzia 1841 hadi 1882 kwa hesabu ya wanahistoria, na muda mwingi alikuwa na mpinzani wa damu moja, Sakwa. Nchi ikagawanyika, Sakwa akashika upande wa juu, Wanga Mukulu, na Mumia alipokalia kiti mwaka 1882 alirithi nusu ya nyumba pamoja na vita. Upande wa kusini Wajaluo wa Ugenya walikuwa wanamsukuma. Alihitaji bunduki kuliko alivyohitaji baraka.

Bunduki zilikuja na misafara. Waswahili na Waarabu kutoka pwani walikuwa wamekwisha ijua njia ya Elureko, wakifuata pembe za ndovu hadi Mlima Elgon. Mumia aliwakaribisha, akawapa chakula na mahali pa kujenga, na kwao akapata silaha, nguo na dini ya Kiislamu. Msafiri Joseph Thomson alipita mwaka 1883. Askofu James Hannington alipita 1885, akaendelea kuelekea Buganda, akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Kila mgeni aliyefika alikuta mwenyeji mpole mwenye boma kubwa, na kila mmoja akaandika kwao kwamba kuna mfalme. Waingereza waliposimamisha kituo hapo miaka ya 1894 na 1895, wakiwa bado wanaihesabu sehemu hii kuwa Uganda, hawakuhitaji kuuliza watamtumia nani.

Sisi Wabukusu hatukumpokea mgeni hivyo. Wazungu walituita Kitosh, jina walilolipata kwa wengine. Tuliishi ndani ya kuta za udongo, kila kijiji na boma lake na handaki lake, na kila kijiji na omukasa wake. Huyo alikuwa mtu aliyeheshimiwa kwa sababu alilisha watu, alisuluhisha kesi na alijua kunyamaza. Mwanawe angeweza kumfuata, kama naye alikuwa hivyo. Kama hakuwa, watu walihamisha miguu yao kwenda kwa mwingine, na hakuna aliyeita hilo uasi.

Mwaka 1894 kundi la askari lilitumwa kwetu kudai bunduki zilizokuwa zimeuzwa kwa Wabukusu. Wengi wao waliuawa. Mwaka uliofuata, 1895, ofisa wa Kiingereza C. W. Hobley alikuja na jeshi lililochanganya askari wa Sudan, Waganda, Wamasai na watu wa Mumia. Walivunja boma la Lumboka, kisha wakaenda boma la Chetambe. Ukishuka kutoka Lugulu kwenda Webuye, Chetambe iko juu yako. Waliofia humo ni wengi, na kwa wazee wetu kosa la Hobley halikuzidi kosa la jirani aliyemwonyesha njia.

Kwa hiyo mtu anaponiambia Nabongo alikuwa mfalme wa Waluhya wote, huwa namuuliza tu: tangu lini? Jina lenyewe la Waluhya lilianza kutumika kwa mapana miaka ya 1930. Mwaka 1902 sehemu yetu ilihamishwa kutoka Uganda kuingia himaya ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo ikatoka sheria ya wakuu wa vijiji: mtu huwekwa na serikali, hukusanya kodi, na huondolewa na serikali. Mwaka 1909 Mumia akatangazwa chifu mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini yote. Katika himaya yake mpya walikuwamo Wabukusu, Watachoni, Wakabrasi, Wamarama, Waidakho na wengine ambao baba zao hawakuwahi kumpelekea hata kuku. Ndugu zake na watu wake wakasambazwa kama maofisa: Mulama akapewa Marama, Kadima Samia, na Murunga akapewa Kimilili.

Babu yangu alikuwa wa rika la Kananachi, wale waliotahiriwa kati ya 1912 na 1922. Murunga mwenyewe hakumwona mara nyingi. Aliyemjua ni mtu wa chini, mkuu wa mlango. Ndivyo ngazi ilivyokuwa: chifu juu, kisha wakuu wa mlango, kisha maliguru wa kila kijiji. Mkuu wa mlango wa kwao, ambaye simtaji kwa sababu wajukuu wake ni wateja wangu, alikuwa na shamba la wimbi lililolimwa na watu wote kabla hawajalima yao. Bibi alisimulia jinsi wanawake walivyopeleka kuni bomani kwake kwa zamu, na jinsi mume aliyekosa pesa za kodi ya nyumba alivyochukuliwa mbuzi wake. Barabara hii niliyopanga vifungo vyangu mbele yake ilitengenezwa kwa majembe ya watu wa rika la babu, bila malipo. Ng'ambo ya huko, Ndalu na Tongaren, yalikuwa mashamba ya walowezi, nako pia babu alikwenda kulima kwa kadi ya kibarua.

Niliwahi kumuuliza bibi kama Murunga alikuwa mtu mbaya. Akafikiri. Akasema alikuwa mgeni. Kwake yeye jibu lilikuwa limetosha, na nikiwa mtoto niliona amenikwepa, lakini siku hizi naona alikuwa anaeleza kisa chote. Sisi tulikuwa na wakali wetu wenyewe, tukiwavumilia. Murunga hakuwa na babu aliyezikwa hapa, hakuwa na rika hapa. Hata angekuwa malaika asingeweza kumpata mtu wa kumwombolezea kwa khuswala kumuse, ile shughuli ambayo siku chache baada ya maziko ya mzee, msemaji wa ukoo unaostahili huzunguka uwanjani na fimbo yake akitaja waliotangulia, akionya waliopo. Msemaji huyo ndiye mtu wa pekee kwetu ambaye cheo chake hakika hurithiwa. Harithi ng'ombe wala ardhi ya watu. Harithi chochote ila haki ya kusema wakati wengine wameketi.

Na tuna urithi mwingine, wa majina ya marika. Ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Likiisha la mwisho yanaanza upya, kila jina hurudi baada ya miaka mia hivi. Mimi ni Sawa. Vijana waliotahiriwa kuanzia 2012 walirithi jina la babu yangu, Kananachi, na hakuna kati yao aliyehitaji kuthibitisha ni mtoto wa mke wa ngapi.

Mfumo wa Mumia ulianza kulegea kabla Mumia hajafa. Mwaka 1920 makao ya wilaya yalihamishwa kutoka Mumias kwenda Kakamega, na Elureko ikabaki na misikiti yake, maduka yake ya Wahindi na mzee wake. Kila mahali watu walidai machifu wa kwao. Murunga aliondoka Kimilili. Halafu likatokea jambo ambalo wateja wangu wa majoho hawalijui, na ndilo linalonifanya nishike msimamo wangu. Miaka hiyohiyo ya 1930, chama cha vijana wasomi, North Kavirondo Central Association, kilidai serikali imweke chifu mkuu mmoja wa kabila zima, na jina walilolitaja ni la Mulama, ndugu yake Mumia. Hapo walikuwa wanaogopa ardhi yao kuchukuliwa, maana dhahabu ilikuwa imegunduliwa Kakamega, na waliona mkuu mmoja atakuwa ngao. Serikali ikakataa. Mulama hata uchifu wake wa Marama hakuumaliza. Cheo kilichotolewa kwa karatasi kilikunjwa kwa karatasi. Mumia alipofariki mwaka 1949, akiwa na umri unaokaribia miaka mia, mwanawe Shitawa alirithi unabongo. Uchifu mkuu haukurithiwa na mtu.

Kwetu huku wakati huo kulikuwa na mtu aliyelikataa pendekezo zima, la mfalme na la chifu pamoja. Elijah Masinde wa Maeni, hapo karibu na Kimilili, alikuwa mchezaji wa mpira aliyepata kuvaa jezi ya Kenya, kisha karani wa kupeleka samansi za baraza, kisha akawa nabii wa Dini ya Msambwa. Mwaka 1947 wafuasi wake walikusanyika Chetambe kuwakumbuka waliouawa 1895. Februari 1948 polisi walipiga risasi umati wa watu Malakisi, wakaua kumi na mmoja. Masinde akapelekwa kizuizini Lamu. Hakutaka kukalia kiti cha mtu. Alisema wenye nchi ni waliokufa, na wazungu waondoke pamoja na machifu wao. Machifu walimwogopa kuliko DC alivyomwogopa, kwa sababu alikuwa akiwauliza ni nani aliyewaweka.

Lakini Wabukusu nao si malaika. Tulipowapata machifu wa damu yetu, haraka sana tulianza kuwarithisha. Upande wa Malakisi na Chebukwa alikuwako Namachanja, mtu mkubwa tangu siku za Hobley, na baada yake mwanawe Sudi Namachanja, chifu mkuu mwenye wake wengi, ng'ombe wengi na sauti iliyosikika mpaka Kakamega. Hii ilikuwa nyumba ya kifalme inayoota mbele ya macho ya watu. Baba akampokeza mwana, na mwana naye alikuwa amemchagua wa kumpokeza. Mtoto aliyetazamiwa alizaliwa Chebukwa mwezi wa Januari 1923. Jina lake Otunga.

Otunga alipelekwa shule za misheni, akabatizwa mwaka 1935 kwa jina la Maurice Michael. Mambo yangeweza kwenda kama yalivyokwenda kwa watoto wa machifu wengi: masomo, Kiingereza safi, kisha kurudi nyumbani kukalia kiti. Badala yake akaenda seminari Kakamega, kisha Ggaba karibu na Kampala, kisha Roma. Baba yake alimtaka arudi awe chifu. Akakataa. Tarehe 3 Oktoba 1950 akapewa upadri hukohuko Roma.

Fikiria hilo lilimaanisha nini Chebukwa. Padri haoi. Kwa hiyo mwana huyo hakuukataa uchifu tu, alikataa pia kumzalia baba yake wajukuu, katika boma ambalo ukubwa wa mtu ulihesabiwa kwa milango ya nyumba za wakeze. Wazee waliokuja kukaa kwenye benchi langu walikuwa wakibishana juu ya hili hadi jua linazama. Wengine walisema misheni ilimwibia Sudi mtoto. Mmoja, ambaye aliwahi kuwa katekista, alisema Sudi mwenyewe alipatwa baadaye, maana mzee yule wa wake wengi alibatizwa uzeeni, na aliyembatiza ni mwanawe. Hapo wale wengine walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea kubishana.

Huyo mkataa kiti alipewa viti vingine. Mwaka 1956 aliteuliwa kuwa askofu msaidizi wa Kisumu, akiwa na miaka thelathini na mitatu. Mwaka 1960 akawa askofu wa Kisii, mwaka 1971 askofu mkuu wa Nairobi, na Machi 1973 Papa Paulo wa Sita akamfanya kardinali, Mkenya wa kwanza. Mwaka 1978 aliingia mara mbili, Agosti na Oktoba, kwenye mkutano wa siri wa makardinali pale Vatikani. Mtoto wa Chebukwa aliyekataa kumrithi baba yake alikuwa mmoja wa watu waliochagua, mara mbili katika mwaka mmoja, nani amrithi Mtume Petro. Na pale, kumbuka, hakuna anayeweza kumrithisha mwanawe. Sijui chombo kingine cha utawala cha zamani hivyo kilichodumu bila mtoto wa mfalme.

Alistaafu 1997, akaenda kuishi Nyumba ya Wazee ya masista, Nairobi, akafariki tarehe 6 Septemba 2003. Alizikwa Msongari miongoni mwa wamisionari, kama alivyotaka. Kwa Mbukusu, mtu kulala nje ya boma la babake ni jambo linalohitaji maelezo, na mwaka 2005 mabaki yake yalipotolewa tena kaburini, hayakuja Chebukwa. Yalipelekwa Resurrection Garden, Karen. Sasa Kanisa linachunguza maisha yake, akiwa na jina la Mtumishi wa Mungu, na huenda siku moja akatangazwa mtakatifu. Mteja wangu mmoja alisema kwa uchungu, "Angekuwa chifu tungemzika wenyewe." Ni kweli. Na nani leo angekuwa anaulizia kaburi la chifu?

Binti yangu wa mwisho huangalia tamthilia za Korea kwenye simu, usiku kucha kama shule zimefungwa. Humo kuna wafalme, malkia wa pili wenye wivu, na watoto wanaolishwa sumu kabla hawajarithi. Nikamuuliza, na siku hizi mfalme wao ni nani? Hakujua, tukatafuta pamoja, nami nikajikuta nasoma habari za Wanga kwa majina mengine.

Nyumba ya Yi ilitawala Korea tangu 1392. Wajapani waliimeza nchi mwaka 1910, mwaka mmoja tu baada ya Mumia kutangazwa chifu mkuu. Huku mkoloni alikuwa anamkuza mfalme mdogo ili amtumie, kule alikuwa anampunguza mkubwa ili asimsumbue. Mfalme wao wa mwisho, Sunjong, alifariki 1926. Mdogo wake Yi Un alikuwa amepelekwa Japani tangu akiwa mtoto, akaozwa binti wa ukoo wa kifalme wa Japani, akaja kurudi nyumbani 1963, nchi ikiwa tayari jamhuri isiyo na nafasi yake, akafa 1970. Mwanawe Yi Ku alifia Tokyo mwaka 2005 bila mtoto wa kumzaa. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Jumuiya ya ukoo ikamteua Yi Won, mtoto wa binamu, afanywe mwana wa kupanga wa marehemu. Mwaka uliofuata kikundi kingine kikamvika taji bibi kizee, Yi Haewon, wakimwita malkia. Na Yi Seok, wa nyumba hiyohiyo, aliyewahi kujitafutia riziki kwa kuimba, mwaka 2018 alimtangaza tajiri mmoja wa kompyuta wa Marekani, Andrew Lee, kuwa mrithi wake.

Binti yangu alicheka sana hapo kwa yule mwimbaji. Mimi kilichonivutia ni kitu kingine. Kila mwezi wa Mei kuna ibada Seoul, kwenye hekalu la Jongmyo, ya kuwatolea wafalme waliokufa divai na nyama. Ibada haiwezi kufanyika bila mtu wa ukoo kuisimamia, na huyo ni Yi Won. Serikali haimpi nchi wala haimnyang'anyi chochote. Jeshi hana, kodi hatozi. Ana wafu wa kuwahudumia, na kazi hiyo hakuna mkoloni aliyeitoa wala rais anayeweza kuikunja. Wale wengine wawili, malkia na tajiri, waligombania kile ambacho Wajapani walikwisha kukichukua.

Hivyo ndivyo ninavyowaona Abashitsetse. Shitawa alikuwa Nabongo hadi 1974, na baada yake akaja Peter Mumia wa Pili. Makaburi ya Manabongo yako Matungu, na kuyatunza ni kazi yao. Katiba ya Kenya ya 2010 haina mahali pa mfalme. Inatambua utamaduni, basi. Uganda ilifuta falme zake mwaka 1967 na kuzirudisha 1993, na Kabaka wa Buganda leo ana bunge lake, mawaziri wake na ardhi yake. Hapa hakuna aliyerudisha kitu, na mimi naona ni heri kwa Wanga wenyewe, kwa sababu unabongo usio na kodi wala askari haumtishi Mbukusu. Taabu inakuja wanasiasa wanapomfuata Nabongo kila uchaguzi wakitaka awatie mkono kichwani kwa niaba ya Waluhya wote. Hapo wanamvisha tena kazi ya 1909, na wazee wa Kimilili wanaanza kukohoa.

Mwalimu mstaafu alirudi kuchukua joho lake. Nilikuwa nimelitia bitana nyeusi na kukutanisha madoa begani, jambo lililonigharimu mita nzima ya kitambaa. Alijitazama kwenye kioo, akageuka upande, akaniuliza kama anafanana na Nabongo. Nikamwambia anafanana na Namachanja, akakasirika, kisha akataka kujua Namachanja alivaa nini.

"Alivaa koti la serikali, mwalimu. Lile ambalo mwanawe na mjukuu wake walitakiwa kulivaa baada yake."

"Mjukuu alikataa."

"Alikataa."

Akalipa, akataka punguzo, nikampunguzia mia moja. Kabla hajaondoka akaniuliza kama, akitawazwa Nabongo mwingine siku zijazo, ingefaa Wabukusu wahudhurie. Nikamjibu kwamba hiyo itakuwa shughuli ya Abashitsetse, wao ndio wajuao ni mtoto gani na wa nyumba gani, na sisi tutakuwa majirani kama majirani wengine. Mimi nikialikwa nitakwenda Matungu, nauli nitajilipia, na koti langu nitakalovaa ni hili la kaki ninalolivaa kazini.